Nani Mla, Nani Mliwa? Kitenzi "Kula" Katika Usomaji wa Fasihi Shuleni

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha insha ambamo mwanafunzi ameandika kwamba rais mpya "alichukua kiapo". Ukapiga mstari mwekundu, ukaandika pembeni "alikula kiapo", ukaendelea na karatasi inayofuata. Mwanafunzi naye akautazama mstari ule, akajiuliza kiapo kinaliwaje, asipate jibu, akaamua kukariri. Kiingereza kina kitenzi chake "take" kinachobebeshwa mizigo mingi kupita kiasi: kwa kitenzi hicho kimoja Mwingereza huapa, hupiga picha, hunywa dawa, hushika njia na hufanya mtihani. Kiswahili kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi mbalimbali, na kimojawapo kati ya vile vyenye mzigo mzito zaidi ni "kula".

Makala haya yanahusu kitenzi hicho. Hata hivyo, hayakusudii kukuongezea orodha nyingine ya nahau za kukariri, kwani orodha tunazo tele, na vijitabu vya marudio vimejaa. Linalonishughulisha ni mazoea yaliyoenea miongoni mwa watahiniwa wetu: wakilikuta neno "kula" katika hadithi au tamthilia, huandika "ufisadi", wakaweka kituo, wakaenda kwenye hoja nyingine. Nashikilia kwamba mtahiniwa wa namna hii hupoteza nusu ya maana ya kazi anayoisoma. Kabla ya kuandika "ufisadi", na ajiulize maswali matatu mepesi: nani anakula, kinaliwa nini, na nani analiwa?

Tuanze na sarufi, kwa sababu uhakiki mwingi unaoporomoka huporomokea hapo. "Kula" ni kitenzi cha silabi moja. Kiambishi ku- hubaki katika nyakati kadhaa (anakula, alikula, atakula) na hudondoka kwingine (akila, hula, asile). Wanafunzi wanaoandika "akikula" na "asikule" unawajua. Sina haja ya kukuchosha nao. Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni methali mbili ambazo kila mtu huzisema na wachache huzichanganua.

Ya kwanza ni "Kikulacho ki nguoni mwako". Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu hiyo ku- ni ya nini. Wengi watakujibu kwamba ni ile ile ku- ya kitenzi cha silabi moja, kama katika "anachokula". La, sivyo. Ingekuwa hivyo, methali ingehusu kitu fulani kinachokula, bila kusema kinamla nani. Ku- ya hapa ni kiambishi cha yambwa, nafsi ya pili umoja. Ni wewe. Kitu kinachokula wewe kimo ndani ya nguo zako mwenyewe. Methali nzima imejengwa juu ya msikilizaji kugeuzwa kuwa chakula, na mwanafunzi asiyeiona yambwa hiyo huitumia methali pasipo kuuhisi uchungu wake.

Ya pili ni "Mchumia juani hulia kivulini". Nimewahi kusoma majibu yanayoeleza kwamba mtu aliyefanya kazi kwa bidii hatimaye hutoa machozi chini ya mti! Kosa hili linaeleweka, maana "kulia" ya machozi na "kulia" ya kauli ya kutendea ya kula hutamkwa sawa. Ni kauli hiyo hiyo ya kutendea iliyotupa mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Lakini usimcheke mwanafunzi upesi. Lugha imeziweka karibu mno sauti za mlo na za kilio, na mshairi mzuri anaweza kuutumia utata huo kwa makusudi. Ukikuta "hulia" katika ubeti, simama kwanza.

Sasa tuje kwenye nahau zenyewe. Ukizipanga kwa alfabeti, kama vitabu vingi vifanyavyo, huoni kitu. Ukizipanga kwa hali ya mlaji, yaani kuuliza baada ya kula amefaidi au ameumia, picha hubadilika. Anayekula raha, anayekula uhondo na anayekula rushwa wamefaidi, angalau kwa muda. Anayekula hasara, anayekula mwereka na anayekula kiboko wameumia, ijapokuwa kisarufi wao pia ni kiima, watendaji wa tendo. Hapa pana jambo la ajabu ambalo hatulizungumzii vya kutosha darasani: kitenzi hiki humweka mshindi na mshinde katika nafasi moja ya sentensi. "Juma amekula pesa" na "Juma amekula hasara" zina muundo ule ule. Kinachotofautiana ni kilichoingia kinywani.

Kuna walaji wasio na kinywa pia. Kutu hula chuma, mchwa hula boriti, gari hula mafuta, kabati hula nafasi, mkutano usio na ajenda hula asubuhi nzima ya walimu. Katika mchezo wa bao, kula ni kuzitwaa kete za mwenzako. Vijana wetu nao wameongeza "kula nauli", maana yake msichana aliyetumiwa pesa za usafiri akaamua kubaki kwao. Huenda hutalikuta katika kamusi, lakini muundo wake ni halali kabisa. Na ipo "kula uroda", ambayo darasani huwa tunaipita mbio huku tukitazama dirishani.

Vitu hivi vyote vina uhusiano gani na kiapo? Katika jamii nyingi za Kiafrika kiapo kiliandamana na kitu cha kutiwa kinywani. Walioapishwa wakati wa Mau Mau, katika miaka ya 1950, waliapa kwa nyama na kwa damu, wala si kwa maneno matupu. Kilichomezwa hakirudi mkononi. Kimekuwa sehemu ya mwili wa aliyekila, na akikisaliti anajisaliti mwenyewe. Kwa hiyo unapomsahihisha mwanafunzi aliyeandika "alichukua kiapo", mweleze hili: kilichochukuliwa kinaweza kurudishwa mezani, lakini kilicholiwa, hapana. Labda kitapikwe. Na tazama, hata "kutapika" tunakutumia hivyo hivyo, tunaposema kwamba wezi wa mali ya umma wazitapike pesa walizokula. Kula, kumeza, kutapika, makombo, shibe, njaa, tumbo: huo ni ukoo mmoja wa taswira, na mwalimu anayefundisha neno moja moja anaugawanya ukoo huo bila sababu.

Hapa ndipo siasa inapoingia, na mimi naona hatari.

Wakenya tuna mazoea ya kuuita wizi wa mali ya umma "kula". Tulisema hivyo wakati wa Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990, tukasema hivyo tena habari za Anglo Leasing zilipofichuka mwaka wa 2004. Msemo wa kwamba sasa ni zamu ya watu wetu kula ulizoeleka mno hata mwandishi Michela Wrong akaufanya kuwa jina la kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka wa 2009 kuhusu John Githongo, aliyekuwa amepewa kazi ya kupambana na ufisadi serikalini. Linganisha na lugha ya sheria. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka wa 2003 inazungumzia makosa na adhabu. Haimfahamu mtu "aliyekula".

Tofauti hii si ndogo. "Kuiba" ni kitenzi kinachodai mwenye mali. Ukisema mtu ameiba, msikilizaji huuliza ameiba cha nani. "Kula" hakidai hivyo. Kula ni haja ya kila kiumbe. Asiyekula hufa. Kwa hiyo tunaposema afisa fulani amekula pesa za dawa, neno lenyewe tayari limemtafutia udhuru: alikuwa na njaa, kama wewe. Methali nazo huitwa kusaidia. Nani hajasikia "Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake" ikitolewa kama hekima ya kazini? Mtu anayeisema hivyo huwa amesahau kwamba mbuzi hakujifunga kamba mwenyewe, na kwamba bustani inayoliwa ni ya mtu. Lugha imemfuta mliwa.

Kazi bora za fasihi tulizosomesha miaka ya karibuni zimemrudisha mliwa huyo ndani ya sentensi. Ninazifikiria hasa mbili kutoka katika diwani ya "Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine" ya mwaka wa 2016, pamoja na tamthilia ya "Kigogo" ya Pauline Kea. Shule zimekwisha kuhamia vitabu teule vingine, lakini nakala zingali rafuni, na mbinu ninayoipendekeza haizeeki kwa kubadilishwa kwa orodha.

Katika hadithi yenyewe ya "Tumbo Lisiloshiba", Said Ahmed Mohamed anatuletea Jitu linaloingia katika mkahawa mdogo mtaani Madongoporomoka na kukifyeka chakula chote. Kisha linaahidi kurudi kesho. Zingatia kwanza kwamba si mtu, ni Jitu. Ukubwa huo wa ngeli umeshalitenga na wenzake. Zingatia pia, na hili ndilo watahiniwa wengi hulikosa, kwamba Jitu linakula kweli. Linatafuna. Sahani zinabaki tupu. Hii basi si nahau. Katika nahau kama "kula njama" hakuna anayetafuna chochote. Maana halisi imekwisha kufa, imebaki ile ya mazoea. Katika jazanda maana halisi inaishi, na juu yake inapandishwa nyingine. Kesho yake mabuldoza yanapokuja kubomoa vibanda, msomaji anatambua kwamba mlo wa jana ulikuwa mazoezi: tumbo lililomaliza chakula cha mtaa sasa linaumaliza mtaa. Mwandishi hahitaji kutuambia kwamba ardhi "imeliwa". Ametuonyesha kinywa, akatuonyesha chuma, akatuachia sisi kuunganisha.

Sasa tazama majibu mawili ya swali kama hili: "Ulaji ni jazanda kuu katika hadithi hii. Fafanua." Mtahiniwa wa kwanza ataandika: "Jitu linakula chakula chote. Hii inaonyesha ufisadi na tamaa ya viongozi." Hajakosea, ila hajasema lolote ambalo jina la hadithi halikulisema kabla yake. Wa pili ataandika: "Jitu linakula chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya wanyonge, na wenye chakula wanabaki kutazama. Mabuldoza yanayofuata yanaendeleza tendo lile lile kwa ardhi, kwa hivyo kubomoa kunasawiriwa kama kula, na wakazi wanasawiriwa kama chakula. Jazanda inaonyesha kwamba unyakuzi wa ardhi hauna kiasi, kwa kuwa tumbo lenyewe halishibi." Jibu hili ni la mistari michache tu, lakini lina mla, lina kiliwacho, na lina mliwa.

Hadithi ya pili, "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad, ndiyo ninayoiona kuwa darasa kamili la kitenzi hiki. Sasa na Mbura ni wakubwa serikalini. Wamo katika karamu ya Mzee Mambo, mtu mwenye cheo kinene na kazi isiyojulikana, anayesherehekea mambo madogo ya watoto wake kwa mali ya umma: magari ya serikali yanahudumu, vyombo vya habari vya taifa vinatangaza. Wanapiga foleni, wanapakua, wanakula, wanazungumza juu ya kula. Na mazungumzo yao yanaligeuzageuza neno hilo kama mtu ageuzavyo mshikaki motoni. Mara ni sisi tunaokumaliza kula, mara ni kula kunakotumaliza sisi. Kiima na yambwa vinabadilishana nafasi mbele ya macho yetu.

Dondoo za sehemu hiyo zimezoeleka mitihanini, na jibu la kawaida hutaja muktadha, likataja mbinu ya dayolojia, likataja ufisadi. Mimi ningemwomba mtahiniwa aanze na jina la hadithi, neno la pili: i-na-tu-maliz-a. Hiyo tu- ni nani? Ukisema ni Sasa na Mbura na wenzao, basi hadithi inahusu maradhi ya walioshiba, na adhabu imo ndani ya kosa, hakuna haja ya mahakama. Ukisema ni wananchi, basi hadithi inahusu shibe ya wachache inayowaua wengi, kwani anayekula kwa niaba ya mwingine humwachia huyo mwingine njaa. Sarufi haikulazimishi uchague. Tena "kumaliza" nako kuna sura mbili: kumaliza chakula ni kukiisha, kumaliza mtu ni kumuua. Mwandishi ameviweka vitenzi viwili vyenye mizigo karibu karibu, akaviacha vigongane. Na hiyo tu-, upende usipende, inakujumuisha wewe unayesoma.

Wapo walimu watakaosema kwamba uchanganuzi wa aina hii ni wa chuo kikuu, kwamba mwongozo wa kusahihisha unataka hoja zilizo wazi. Sikubaliani nao. Kutambua kiambishi cha yambwa ni kazi ya karatasi ya pili. Mwanafunzi huyo huyo amefundishwa. Tatizo ni kwamba tumemzoesha kuiacha sarufi yake mlangoni akiingia katika karatasi ya tatu, kana kwamba lugha ya fasihi ni lugha nyingine.

"Kigogo" inatupa upande ambao mara nyingi husahauliwa, nao ni kutokula. Kenga anapowapelekea wachonga vinyago sehemu ya keki ya uhuru, Sudi anakataa. Anaona wazi kwamba keki kubwa ina wenyewe, na walicholetewa wao ni makombo. Kukataa huko ni tendo la kisiasa kuliko hotuba nyingi zilizomo katika tamthilia. Kwa nini? Kwa sababu, kama tulivyoona kwenye kiapo, kilicholiwa hakirudi. Ukila makombo ya mtu umeingia katika karamu yake, na mdomo wako hauna tena uhuru wa kumshtaki. Kumbuka pia kwamba kandarasi ya kuioka keki hiyo ilimwendea Asiya, mke wa Boza, na Boza ni mchongaji anayefanya kazi bega kwa bega na Sudi. Keki imeshaingia nyumbani mwa fundi mmoja kabla haijafika mkononi mwa mwingine. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba "Sudi ana msimamo thabiti" amepata sifa ya mhusika; hajaona kwamba msimamo huo umeonyeshwa kwa kinywa kilichofungwa.

Kwa kupitia tu, angalia majina ya vitabu ambavyo wengi wetu tumevipenda: "Kitumbua Kimeingia Mchanga" cha Said Ahmed Mohamed, "Kidagaa Kimemwozea" cha Ken Walibora. Vyote viwili vimechota kutoka katika ukoo ule ule wa mlo, ila humo chakula kimeharibika kabla au baada ya kufika kwa mlaji. Katika "kimemwozea" kauli ya kutendea imefanya kazi tena: kidagaa hakikuoza tu, kimemwozea mtu. Nani? Hilo ni swali la makala nyingine, na ningefurahi mwenzangu akiliandika.

Ukitaka kulijaribu jambo hili darasani, huhitaji zaidi ya kipindi kimoja. Waambie wanafunzi walete vichwa vya habari vitatu vyenye neno "kula" kwa maana isiyo ya chakula. Kisha waviandike upya mara mbili: kwanza wakitumia "kuiba", halafu wakitumia "kuliwa" na kumtaja aliyeliwa. Wajadiliane ni sentensi ipi gazeti lingeogopa kuichapisha, na kwa nini. Ikiwa magazeti hayapatikani, waanze na hii: "Mwekahazina amekula pesa za maabara." Waombe wataje yambwa. Watasema ni pesa, na kisarufi wamepata. Kisha waulize nani ataingia katika mtihani wa kemia bila kuwahi kushika neli ya majaribio.